Mama Deborah na Ndege Nyekundu

Mama Deborah hakuwa na shughuli yoyote na ndege. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Shituru, mtaa wa Likasi, mjane, na misa, kuku na majirani vilitosha kuijaza siku yake. Lakini juma lile ndege ndogo nyekundu ilikuja kufanya mazoezi juu ya Likasi, kwa ajili ya mashindano ya michezo ya angani ya Jumapili, na kila ilipogeuka tumbo juu, yeye alifanya ishara ya msalaba.

Jirani yake Firmin, fundi wa treni wa zamani, ndiye aliyemvuta hadi uwanjani. Wakapanda juu ya kichuguu kikubwa kando ya uwanja, wakajibana katikati ya watazamaji wengine. Baridi ya kipupwe ilikuwa inauma.

Ndege ikapanda wima kama mshale, ikapanda, ikapanda, halafu ikanyamaza. Ikaning'inia hewani kidogo, kisha ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama jani.

"Yesu wangu! Moteri imekufa!"

"Haiyakufa, voisine," Firmin akamcheka jirani yake. "Eko anacheza."

"Kucheza gani kule? Mutoto wa watu atakufa!"

Karibu na vilele vya miti ndege ikajinyoosha, watu wakapiga vigelegele. Mama Deborah hakupiga. Ilipotua tu, akateremka kichuguu, akaiendea moja kwa moja. Rubani akavua kofia ngumu, na kumbe ni msichana mwenye nywele za kusuka.

"Weye mutoto, mama yako anajua kazi unafanya kule juu?"

Msichana akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Anajua, mama. Lakini hayakuya hata siku moja kuniangalia. Anasema moyo wake utapasuka."

Jina lake Marlène, na mama yake, Mama Cathy, alikuwa Kolwezi. Mama Deborah alikuwa amekuja na karipio zima, akaliacha.

"Umupigie simu," akasema. "Umuambie, dimanche minye njo nitakuangalia pa nafasi yake. Nitamuelezea yote."

Jumapili ilipofika, Mama Deborah alikuwa juu ya kichuguu, simu sikioni, kabla ndege nyekundu haijawashwa. Waamuzi walikaa kwenye viti, shingo nyuma, macho juu.

"Eko wapi sasa?" Mama Cathy akauliza.

"Eko anapanda. Sasa anaandika O. Kubwa, ya muviringo. Amefunga muzuri! Sasa amelala ku mugongo... usikate simu, Mama Cathy! Amerudi."

Halafu ndege ikapanda wima, ikanyamaza. Mama Deborah akafumba macho.

"Sema!" Mama Cathy akalia simuni. "Mama Deborah, sema!"

Firmin akamvuta mkono. "Fungua macho, mama ya mutoto anangoja!"

Akafungua jicho moja. "Anaanguka... anazunguka... anazunguka... Amejinyoosha! Mama Cathy, amejinyoosha!"

Kelele iliyotoka Kolwezi ilisikika kichuguu kizima, watu wakaanza kuipigia makofi hata hiyo simu.

Marlène alishika nafasi ya pili, nyuma ya rubani mmoja mzee kutoka Zambia. Alikuja mbio, akachukua simu, akasikiliza huku machozi yakimtiririka na meno yote nje. Kisha akairudisha kwa Mama Deborah. "Anakutaka weye."

"Mwaka kesho nitakuya miye mwenyewe," alisema Mama Cathy. "Lakini utanishika mukono."

"Na minye nani atanishika? Kuya tu. Utalala kwangu, nitakupikia samaki ya ziwa Tshangalele."

"Na nyanya mingi?"

"Nyanya? Samaki mubichi haitake nyanya, mama!"

"Nani alikufundisha kupika?"

Uwanja ukaanza kubaki mtupu. Firmin alingoja, akakohoa, akaonyesha jua lililoanza kuzama. Mwishowe akaenda zake Shituru peke yake, akiwaacha mama hao wawili wakigombana kwenye simu juu ya sufuria ambayo haijawekwa jikoni bado.