Gololi Mkononi mwa Kasmirah

Picha iligeuka tena, na kama kawaida yake iligeuka palipokuwa patamu. Bi Hesti, yule mama mkwe katili wa tamthilia ya alasiri, ndiyo kwanza alikuwa amenyanyua mkono amzabe kofi mkaza mwanawe. Mara picha iliyokuwa imelala ikijaza kioo chote cha simu ikasimama wima, ikanywea, na kofi likapita bila kuonekana sawasawa.

"Ningrum!" Kasmirah alifoka kutoka kwenye kiti chake cha henzirani. "Njoo umwone huyu shetani wako! Ameinuka tena!"

Ningrum alikuja akilitanguliza tumbo lake la uja uzito, akailaza picha, akairudisha simu mkononi mwa mama yake. Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, umelazwa juu ya mto, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo. Tangu kiharusi kimpige, ulimi wa Kasmirah ulikuwa umerudi, tena ulirudi umenolewa, mkono haukurudi. Daktari alisema wasubiri. Aliyeutangaza kuwa umekufa ni mwenyewe Kasmirah, na ni yeye aliyeamuru simu iwekwe hapo. "Kama hauwezi kazi ya mkono, ufanye ya meza," alisema.

"Simu inamwogopa mama," Darsono, mumewe Ningrum, alitania kutoka uani. "Ikimwona amekunja uso, inasimama kwa heshima."

"Na wewe simama, ukatafute kuni," Kasmirah akamjibu. "Kesho mnachemsha ile mbeleko. Nimeshasema."

Hapo kicheko kilikatika. Mbeleko hiyo Kasmirah alikuwa akimchorea mjukuu wake wa kwanza, batiki ya mkono, ndege na maua ya nta kutoka pindo hadi pindo. Kiharusi kilimkuta amefika nusu. Hapa Lasem, mji wa batiki, kila mchoraji ana mkono wake, na kitambaa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine. Jicho linaona, na mtu anasemwa. Basi Kasmirah aliamua kitambaa kitiwe kwenye maji ya moto, nta yote itoke, kibaki cheupe kama kilivyotoka dukani. "Mkono mmoja haulei mwana," alisema, "sembuse kumchorea mbeleko." Ningrum alilia jikoni ili asionekane.

Asubuhi aliipeleka simu kwa Teguh. Ukweli ni kwamba hakujali sana kuhusu simu. Alitaka tu kitu kimoja katika nyumba ile kiweze kutengenezeka.

Teguh alikuwa na meza yake ya ufundi ubavuni mwa mgahawa wa kahawa. Kama wanaume wote wa pale, alikuwa akichovya kijiti kwenye mashapo ya kahawa na kuchora maua juu ya sigara kabla ya kuivuta. Aliiweka sigara chini, akaichukua simu, akaigeuza huku na huku. Picha ikamfuata kwa adabu zote.

"Dada, simu haina neno."

"Ina neno, kaka. Inajigeuza yenyewe."

"Ikiwa kwako inajigeuza?"

"Kwangu hapana. Kwa Darsono hapana. Kwa mama tu."

"Basi mama ndiye anayeigeuza."

"Mama hawezi. Inakaa kwenye ule mkono uliokufa."

Teguh alimtazama, akaacha mzaha. "Sikia, dada. Humu ndani kuna kidude kidogo kuliko punje ya ufuta, na kazi yake ni moja tu, kujua chini ni wapi. Simu ikiwa imelala karibu chali, ukiiinamisha kidogo sana, hata jicho lisione, chenyewe kinajua. Hakidanganyiki. Na hakijui kwamba mama yako ni mgonjwa."

Ningrum alishika ukingo wa meza. Sauti za wanywa kahawa zilimwendea mbali.

Teguh akamtilia mchezo kwenye simu, uwanja mdogo wenye gololi ya rangi ya fedha na shimo moja. "Gololi inaviringika simu inakoinama. Iweke mkononi mwake, kisha usiguse kitu."

Alipofika nyumbani moto ulikuwa umeshawashwa uani na sufuria kubwa imeshatelekwa. Kasmirah alikuwa ameikumbatia mbeleko kwa mkono wa kushoto, uso umekauka.

"Mama, kabla ya hiyo, jaribu huu mchezo. Inamisha simu, hii gololi iende."

"Niinamishe na nini?"

"Na mkono wako."

Kasmirah alijaribu, hilo lazima tuseme. Alikaza meno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gololi ilitulia kwenye pembe yake, wala haikutikisika.

"Umeridhika?" alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpe Darsono kitambaa."

Ningrum aliipokea mbeleko. Alikuwa akiwaza siku zile zote picha ilipogeuka, na kila siku alimkuta Bi Hesti kwenye kioo, akizaba kofi, akiiba wosia, akimsingizia mkaza mwana. Haikugeuka hata mara moja kwenye vipindi vya nyimbo. Wahenga walisema hasira hasara, hawakumjua Kasmirah.

"Sawa, mama," alisema polepole. "Ila kuchemsha naona ni kuharibu. Nitampelekea Bi Rumini aimalizie."

Mlangoni Darsono alifumba macho kama mtu aliyesikia fenesi likikatika juu ya kichwa chake.

"Nani?" aliuliza Kasmirah.

"Bi Rumini wa jirani."

"Rumini! Rumini ambaye vitone vyake vya nta ni kama mavi ya mbuzi? Aguse kitambaa changu? Hata hao wavuta sigara kwa Teguh wanachora kuliko yeye!"

Gololi ilitoka kwenye pembe yake.

Ilitoka taratibu, ikasita katikati, kisha ikateleza hadi ukingo wa pili. Hakuna aliyekuwa ameigusa simu. Hakuna upepo uliopita. Ningrum alipiga magoti mbele ya mto, akaona hofu imemshika, hofu ya mtu aliyejikuta ameingia na viatu mahali patakatifu.

"Na kalamu yako ya nta nitampa," alinong'ona.

"Thubutu!" alisema Kasmirah, na gololi ikarudi mbio, ikazunguka mdomo wa shimo, ikatumbukia. Simu ikalia kengele ndogo.

Safari hii Kasmirah aliona. Alinyamaza, yeye ambaye hata kiharusi hakikumnyamazisha wiki nzima. Aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Ni huyu?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

Darsono alikuwa analia waziwazi na wala hakujificha. Alitoka akaenda uani, akaishusha ile sufuria kubwa, na juu ya moto ule ule akateleka kikaango kidogo cha nta.

Ningrum alivivika vidole vya mama yake kalamu ya nta, kile kikombe cha shaba chenye mrija mwembamba kama sindano. Ukiinamisha mrija, nta inashuka, ukiinua, inakoma. Maisha yote ya mkono ule yalikuwa hayo, kujua chini ni wapi. Ningrum aliwaza kuhusu ile punje ya ufuta ndani ya simu, akaona jinsi ilivyoutambua mkono wa mama yake kabla yao wote.

Alitandaza mbeleko juu ya mto. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha mrija uliinama, nta ikashuka kwa kishindo kisicho na sauti, ikatua katikati ya bawa la ndege, donge nene, baya, kubwa kama kunde.

"Ovyo!" Kasmirah aling'aka. Na pamoja na neno hilo kifundo cha mkono kikageuka, kidogo sana, mrija ukainuka, na nta ikakoma.

Wote watatu waliona ilivyokoma.

Ningrum alinyoosha mkono kuchukua kijiko cha moto cha kuondolea madoa. Katika nyumba ile doa halikuwahi kulala hadi kesho yake.

"Acha," alisema mama yake.

"Mama, litabaki mpaka mtoto anazeeka."

"Libaki. Umwambie la bibi yake." Kasmirah alivuta pumzi, macho yamejaa maji, akaukazia macho mkono wake wa kulia kama mtu anayemwangalia mwanafunzi mvivu. "Sasa nyoosha kitambaa, tia nta nyingine, halafu niambie tena habari za Rumini."