Familia ya Mmea Mmoja

Watu wakisikia kwamba nashughulika na majina ya maua hutabasamu, wakidhani nashinda bustanini na kikapu mkononi. Ningependa niwalete hapa Shiraz, kwenye hifadhi yetu, wanuse wenyewe. Ni makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, na ndani yake maiti tupu: mimea iliyokaushwa, ikabanwa, ikashonwa kwenye karatasi. Wala mimi sikuajiriwa kutoa majina. Kazi yangu hasa ni kuyafuta.

Mimea yote yenye maua tunaipanga kwa undugu. Hii huota na jani moja la mbegu, ile na mawili. Chavua ya hii ina tundu moja, ya ile matatu. Ndani ya makundi hayo makubwa kuna familia, na ndani ya familia kuna jenasi. Siku hizi tunasoma vinasaba, na wengi tuliowaita ndugu wamebainika kuwa majirani tu. Mmea ukigundulika una majina mawili, la zamani hubaki na jipya hufa. Kila jina limefungwa kwenye karatasi moja tu duniani, ile ya mmea mkavu wa kwanza. Lebo yake haibanduliwi kamwe. Mtunzaji hubandika kando yake kibandiko kidogo chenye jina sahihi, kisha akatia sahihi. Mtunzaji ni mimi, Ezzat, na nimebandika vingi bila kusita, mpaka nilipofika kwa Heidarqoli.

Heidarqoli alikuwa dereva wetu wa safari za milimani, mtu wa makelele, anayezidi kuimba akifika kwenye kona mbaya. Kuna mtafiti aliyempa heshima kwa kuita tulipu moja ya porini kwa jina lake. Nilipoichunguza nikaona ni tulipu ile ile ya kila siku, ila hii ilikulia kivulini. Nikabandika. Kesho yake nikamkuta langoni akizozana na mlinzi, rafiki yake wa miaka mingi.

"Kitambulisho, mzee."

"We Farzad, umevuta nini leo? Si mimi huyu!"

"Nimeuliza kitambulisho. Sijauliza kama ni wewe."

Nilicheka, nikidhani ni utani wao. Heidarqoli akanigeukia, uso umemsawijika. "Daktari, wewe unanijua, sivyo? Mke wangu kanifungia mlango. Kapiga kelele za mwizi, watoto wangu wakanirushia mawe."

Niliingia ndani nikamuuliza kila mtu. Hakuna aliyewahi kumsikia. Gari letu, waliniambia kwa upole, halijawahi kuwa na dereva. Nikakimbilia kabatini kukibandua kile kibandiko. Kikatoka na kipande cha karatasi, wala hakikurudisha kitu. Heidarqoli alihama mji. Mimi niliingiwa na hofu, sioni haya kusema, nikaapa kwamba sitagusa tena jina la mtu aliye hai.

Ndipo Kamyab akaja na habari za Mahlaghia.

Mmea huo hauna jani wala ukijani wowote. Huchomoza kwenye mawe ya milima ya Zagros kama kidole cheupe, ukinyonya mizizi ya vichaka vya miiba, na ukiuvunja unanuka chumba cha mgonjwa. Mwalimu wangu, Ustadhi Nosrat, alisema haufanani na kitu chochote. Akaupa jenasi yake peke yake, na juu ya jenasi hiyo familia yake peke yake: familia nzima, mmea mmoja. Jina alilitoa kwa msichana aliyeuona kwanza, ambaye alimwoa mwaka huo huo. Huyo ndiye Bibi Mahlagha, aliyenilisha na kunigombeza nilipokuwa mwanafunzi nisiye na ndugu mjini. Nampenda kama mama, na zaidi.

Kamyab ni mtafiti mwenzangu wa vinasaba, hodari, na anajua kwamba ni hodari.

"Familia imekwisha, Daktari," alisema akitupa matokeo mezani pangu. "Mahlaghia ni gugu. Iko katikati kabisa ya yale magugu yanayonyonya mizizi ya maharage. Hata jenasi haiponi."

"Rudia. Vimelea huiba vinasaba vya mwenyeji wao. Umesoma mali ya wizi."

"Nimerudia. Nimesoma sehemu zisizoibika, kama ulivyonifundisha. Au umesahau?"

"Sijasahau kitu. Ndiyo taabu yangu."

"Basi bandika, makala inatoka. Unamwogopa mzee? Mzee mwenyewe hakumbuki alichokula asubuhi."

Hapo alisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa pananiuma. Ustadhi kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Mimea ilitangulia, wakafuata wanafunzi, kisha mji wenyewe. Lilibaki jina moja tu kichwani mwake. Aliliita kutwa nzima, na mkewe aliitika kutoka popote alipokuwa.

Ijumaa nilikwenda kwao kula. Ustadhi alikuwa dirishani, amefunga tai.

"Mahlagha! Nani huyu?"

"Ezzat, mwanafunzi wako. Yule mvivu."

"Ah, mvivu," alisema, akanipa mkono kwa furaha.

Jikoni, pilau ya kabichi ikiwa inajipika polepole, nilimweleza Bibi Mahlagha yote. Nilitegemea anicheke. Nilipomtaja Heidarqoli akatikisa kichwa.

"Simjui."

"Amekula kwenye meza hii mara nyingi tu. Mlikuwa mkigombania ukoko wa chunguni."

Aliishika meza kwa mikono miwili. "Kuna kofia ya mwanamume imetundikwa ukumbini," alisema. "Si ya Nosrat. Kila nikitaka kuitupa, mkono unakataa." Tuligeuka sote kutazama mlango wa ukumbi, na hakuna aliyetaka kwenda kuiona.

"Sitabandika," nikasema. "Kamyab na apasuke."

"Unajua, nilimwambia Nosrat palepale mlimani. Nikamwambia ua hili lina mdomo kama magugu ya shamba la maharage la baba. Akaniambia, hapana, halina ndugu, ni lako wewe. Nani atabishana na mwanamume anayesema hivyo?" Alifuta mikono. "Utabandika, Ezzat mwanangu. Tena kesho."

"Umerukwa na akili?"

"Hospitali wamesema sifiki mwaka mpya, sifiki Nowruz. Usinitumbulie macho hivyo, kausha sahani hiyo. Sasa fikiri. Nikifa, ataniita. Mtamwambia nimekufa, atalia kama mtoto. Chai haijapoa atakuwa amesahau, ataniita tena, mtamwambia tena. Nitakufa mara ngapi kwa siku? Na kila mara ni yeye anazikwa, si mimi."

"Lakini utakuwa bado hai. Atakutazama usoni na..."

"Najua atakavyonitazama. Nitasema mimi ni mtumishi mpya. Kwani kazi si ile ile?"

Aliniambia hivyo akicheka. Mimi nililia, nikabishana naye, nikamwita mkatili. Akanipa sahani nyingine.

Jumamosi asubuhi niliitoa karatasi ya Mahlaghia kabatini. Mmea ulikuwa mkavu kuliko ganda la kitunguu, ilikuwa miongo kadhaa tangu ukatwe. Nilipopaka gundi, harufu ya chumba cha mgonjwa ikapanda kutoka kwenye karatasi, mbichi kabisa, kana kwamba mtu ameuvunja sasa hivi. Nikakibandika kibandiko, nikatia sahihi. Kamyab alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Jina la ajabu, Mahlaghia," alisema akiisoma lebo ya zamani. "Limetoka wapi?"

"Ni jina la mke wa Ustadhi Nosrat."

"Ustadhi alioa?"

Nilichukua koti langu nikaenda kwao kwa miguu, kwa sababu niliogopa kufika mapema. Barazani, jirani mwanamke alikuwa akimhoji Bibi Mahlagha ametokea kwa wakala gani wa watumishi na kama anajua kupiga pasi. Bibi Mahlagha alijibu kila swali kwa adabu, kisha akanifungulia mlango. Amevaa aproni. Uso wake ulikuwa mtulivu, ila midomo ilikuwa haina rangi.

"Ameamka vizuri," alininong'oneza. "Hajaita mtu."

Kweli nyumba ilikuwa kimya. Sikuwahi kuisikia kimya namna ile. Ustadhi alisimama ukutani, mbele ya picha ya harusi.

"Wewe binti, njoo uone jambo," aliniambia.

Mimi niliyebandika nilimwona Bibi Mahlagha pichani kama siku zote, kijana, anacheka amefumba macho. Ustadhi alipitisha kidole juu ya uso wake, na nikajua kwamba anagusa kioo tu.

"Nimesimama peke yangu," alisema, "na mkono nimeukunja hivi, hewani. Nashangaa. Nilikuwa nimemshika nani?"

Aliyejibu ni Bibi Mahlagha, kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni mpiga picha aliyekusimamisha hivyo, Ustadhi. Zamani ilikuwa mtindo."

"Kumbe!" alisema, akacheka, akarudi zake dirishani. Hakuwa na huzuni hata chembe. Jikoni bomba la maji likafunguliwa mpaka mwisho, likaachwa limwagike muda mrefu, na hakuna chombo kilichokuwa kikioshwa.