Meza kwa Ajili ya Wahab

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, Habibah aliwasha mashine ya kutoboa katika karakana ya afande Ojok, Mpumudde, na mumewe Wahab akashika ubao upande wa kushoto. Wahab alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Mafundi walimsalimu, akaitikia. Kulikuwa na madawati ya shule ya kumaliza, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya mazungumzo marefu.

Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Ilisimama juu ya nguzo ya chuma na ilitoboa sawasawa. Shida ilikuwa meza yake, kibao cha chuma cha duara kisichozidi sahani ya wali ya mtu mmoja. Ubao mrefu ukiwekwa hapo huning'inia pande zote mbili, na fundi hulazimika kuushika kwa mikono. Wahab aliomba meza kubwa ya kufungwa juu ya ile ndogo, yenye ukingo wa nyuma na klampu za kubana. Aliomba mara tatu. Mara ya tatu afande Ojok, sajenti mstaafu ambaye bado huvaa mkanda wa jeshi, alimjibu mbele ya wote:

"Meza? Mikono Mungu napa wewe ya nini?"

Mwezi uliofuata biti, ile ncha ya kutobolea, ilinasa katika kipande cha chuma. Chuma kikazunguka na kumkata Wahab shingoni.

Makaburini afande alisimama na kutangaza kwamba nafasi ya marehemu ameiacha kwa mjane. Watu walimshukuru sana. Baadhi yao walisema mtu kama huyo ni nadra.

Wahab alianza kuja siku ile ile Habibah alipoanza. Hakueleza mengi.

"Nikiuachia utakurukia," alisema, akaweka viganja juu ya ubao.

Mikono yake ilikuwa ya baridi na haikukatika. Mara mbili chuma kilizunguka na kupita katikati ya vidole vyake kama kinavyopita katika moshi, lakini kila mara kilipofika kwa Habibah kilikuwa kimeishiwa nguvu. Afande alitazama jambo hilo kwa muda, halafu akaenda ofisini na kufungua daftari la vifaa. Chini ya nyundo na misumeno, kwenye safu ya vifaa vya kubania, akaandika: *Jiliwa, moja.* Mkaguzi alipokuja kuuliza karakana hii inabana vipi vitu vyake, alioneshwa daftari. Mkaguzi akamtazama Wahab, akamtazama afande, akatia saini.

Lakini maiti hakuumbwa kusimama saa nane kwa siku. Wahab alianza kuchoka. Jioni alipomsindikiza Habibah hadi mlangoni, hakuweza tena kufunga ngumi. Vidole vilibaki vimepanuka vile vile, kama vimeshika ubao usioonekana. Habibah alimpaka mafuta ya nazi. Hayakusaidia. Usomaji wa arobaini ulipita, mashehe wakala wakaondoka, na kesho yake Wahab alikuwa kazini.

"Nikipata meza utakwenda kupumzika?" Habibah alimwuliza.

"Nitakwenda."

Habibah alitafuta karatasi. Kisha akachukua kalamu.

Aliandika kwa adabu, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao Wanubi: *Mheshimiwa Afande, naomba meza, kwa usalama wa kazi.* Afande aliisoma, akaigonga muhuri siku hiyo hiyo. Ijumaa pikapu ilileta meza ya ofisi ya mninga, yenye droo tatu na kioo juu. Watu wanne waliibeba hadi ofisini kwa afande.

"Afande, niliomba meza ya mashine," Habibah alisema.

"Barua nasema meza. Hiyo si meza? Ni ng'ombe?"

"Afande, na mimi?"

"Wewe?" Afande alivuta droo ya kwanza, akairudisha, akafurahia jinsi ilivyoteleza. "Wewe meza."

Mafundi walicheka, kwa kuwa lugha yetu inaruhusu. Habibah alimeza.

Jumamosi alikwenda Mbale pamoja na Wahab, wakiwa na baiskeli ya Wahab ya kubadilishana na meza. Katika mitaa ya viwanda, nyuma ya maghala ya mahindi, kulikuwa na Alfayo, Mgisu mwenye duka la mashine kuukuu. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa umefunikwa na wingu hadi kiunoni. Alfayo aliwaletea meza ya kwanza, pana, iliyong'arishwa kwa vanishi.

"Hii hata waziri anaweza kula juu yake," alisema.

"Ndiyo ubaya wake," Wahab alisema. Aliipima kwa shibiri, maana futi yake ilikuwa imechukuliwa na mtu siku ya mazishi. "Ni pana mno. Itagonga mkono wa kupandishia meza. Mtu atainua meza kwa meno?"

Ya pili ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, isiyo na tundu katikati. Wahab hakuigusa.

Ya tatu ilikuwa ya plaiwudi ya tabaka nyingi, imekatwa nyuma ili ikumbatie nguzo. Ilikuwa na mifereji miwili ya kupitishia boliti za klampu, na katikati kipande cha mraba cha kutobolewa na kubadilishwa kikichakaa. Wahab alipitisha kidole kwenye ukingo wake, akachungulia kwa jicho moja kama umenyooka.

"Hii."

"Malehemu najua kazi," Alfayo alimwambia Habibah kwa heshima. "Pole sana, mama." Akaichukua baiskeli.

Waliifunga Jumatatu kabla ya wengine kufika. Waliweka vipande viwili vya mbao chini yake, vikiinua meza ili mkono wa kupandishia uzunguke bila kugonga. Wakapitisha boliti nne pamoja na washa na nati zake. Habibah alikaza huku Wahab akishika skwea ya kupimia pembe dhidi ya biti na kusema, kidogo, kidogo tena, basi. Halafu Habibah akaubana ubao kwa klampu mbili na kuutoboa. Ubao haukutikisika.

Wahab aliondoa mikono. Vidole vyake vilijikunja polepole, kimoja kimoja, hadi vikawa ngumi. Alizifungua, akazifunga tena.

"Sasa nenda," Habibah alisema.

Wahab alikuwa ameshafika mlangoni afande Ojok alipoingia. Afande aliizunguka meza mpya, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaisifu. Hakuuliza ilikotoka. Akamtazama Wahab, akatazama mikono yake mitupu.

"Huyu sasa hana kazi?"

"Amemaliza, afande," Habibah alisema.

"Nani namwambia amemaliza?"

Akaita watu wawili, wakatoa stoo mashine ya pili ya kutoboa, aliyoinunua mwaka jana kwenye mnada. Meza yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Nyuma yao alikuja Topista, mjane wa polisi, aliyeajiriwa asubuhi ile, amevaa aproni ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Mikono yake ilikuwa mizuri, yenye vidole kumi.

"Afande, na hii meza yake?" Habibah aliuliza.

Afande alikuwa ameshaketi ofisini, mlango wazi, mbele ya droo zake tatu. Aliivuta moja, akatoa daftari la vifaa, akatafuta ukurasa. Pembeni ya neno *jiliwa* akaongeza: *mashine ya pili*.

"Meza," alisema, bila kuinua macho.

Topista akabonyeza kitufe. Wahab, aliyekuwa bado mlangoni, alimtazama mkewe. Kisha akarudi, akafungua ngumi zake, na kuweka viganja vyote viwili juu ya ubao wa Topista.