Fundo la Kamba

Nuru ya Machi imetua juu ya theluji, na michirizi ya barafu ukingoni mwa paa inadondoka, tone kwa tone. Usiku baridi, mchana jua: hizi ndizo siku zenu, miti ya sukari. Wenzako kilimani wameshatobolewa, wametundikwa ndoo za kukinga utomvu wao mtamu. Wewe bado.

Wewe mti wetu, tuliyekutoa msituni ukiwa mwembamba kama kidole, wiki tuliyooana mimi na Rosaire. Nilikuzungushia wavu, kulungu wasikutafune. Nilikubebea maji kiangazi kile cha ukame, na mimba ya kwanza ikinielemea. Nakupenda, sikufichi.

Jikoni inaning'inia kamba ya baba mkwe, yenye fundo moja. Shina ambalo halijajaza kamba mpaka kwenye fundo halitobolewi, lisije likaumia. Kila Machi, miaka arobaini, Rosaire amekupima, nami nikiuliza kutoka mlangoni.

"Bado?"

"Bado."

Mwaka mmoja alisogeza fundo kwa siri. Nilimbaini, nikamtangaza mpaka kanisani.

Mwaka huu kifua chake kimechoka. Daktari hakuitaja Machi ijayo, nami sikuthubutu kuuliza. Basi asubuhi nikalisogeza fundo mimi, vidole viwili tu. Nisamehe. Nilitaka auonje utamu wako kabla hajaniacha.

Akaja na keekee yake ya kutobolea, akakuzungushia kamba. Ikafika! Kisha akalipapasa fundo, akanigeukia.

"Fernande! Mwizi mkubwa wewe! Na ulivyonitangaza kanisani!"

"Toboa tu, mzee. Nani atajua?"

"Nimlee miaka yote hii, leo nimuumize? Ngoja afike fundoni mwenyewe."

"Utangoja na kifua hicho?"

"Nitangoja."

Alicheka, akakohoa, akakuegemea. Nikainua uso nisimwonyeshe machozi, ndipo nilipoliona tawi lako lililovunjwa na dhoruba. Utomvu ulikuwa umechuruzika hapo, ukaganda kuwa mchirizi wa barafu, mwembamba, wa kwako mwenyewe. Nikauvunja, nikampa.

Akaufyonza, macho kayafumba.

"Tamu?"

"Tamu, mama. Tamu kweli."

Nililia waziwazi, kwa furaha. Kamba nikairudisha msumarini, fundo mahali pake. Nilipotoka tena, kipande kilichobaki kilikuwa kinameta mkononi mwake, nuru imejaa ndani, kikidondoka tone kwa tone juu ya glavu, na Rosaire analamba glavu.