Mjukuu wa Gideoni

Mtu asiniambie nitulie. Nimeambiwa nitulie na watu wengi mwaka huu, na kila aliyeniambia alikuwa na lake jambo.

Ilianza asubuhi moja, Mwanaidi alipoingia dukani kwangu hapa Hedaru bila hata hodi, akanisukumia simu usoni.

"Soma hapo, Fadhila. Tena soma kwa sauti."

Alikuwa amefungua tovuti yetu, ile ya Umoja wa Akina Mama wa Tangawizi. Tangawizi hakuna. Kulikuwa na gurudumu la kamari linazunguka, na msichana aliyevaa nusu ya nguo anawaita watu waje wabeti. Astaghfirullah! Nikakimbilia laptopu yangu: mashamba yapo, tangawizi ipo, kila kitu shwari. Nikafungua kwenye simu yangu: kamari. Kumbe wezi hao huwavizia wa simu tu, ili mwenye mali anayetumia laptopu asigundue.

"Kwa hiyo siku hizi tunauza nini?" Mwanaidi akauliza. "Mume wangu ni imamu. Ameonyeshwa uchafu huu na waumini wake, wakimuuliza kama mkewe ndiye mwenye mali."

Umoja wetu una pande mbili. Akina mama wa Vunta huko juu milimani, Walutheri wengi wao, ndio wanaolima. Sisi wa huku chini barabarani, Waislamu wengi wetu, tunakausha, tunasaga, tunafunga na kuuza kwa wasafiri wa mabasi na kwa wateja wa mbali wanaoagiza kwenye tovuti. Mwenyekiti ni mama Raheli wa Vunta, ndiye aliyewagawia wenzake mbegu wakati hakuna aliyeamini tangawizi. Tulipoanza, watu walicheka wakasema kanisa na msikiti havikai gunia moja. Tuliwaziba midomo, na mimi nilijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kufanya.

Sasa paswedi ya tovuti hiyo ilikuwa nini? Msaragambo. Ndiyo, msaragambo ule ule wetu sisi Wapare: wito ukitolewa, kila mtu anatoka na jembe lake kwenda kwenye kazi ya wote, na asiyetoka anapigwa faini. Tuliona neno limetufaa kabisa. Mali ya wote, neno la wote. Kila mwanachama alilijua, na nadhani hata mbuzi wa Vunta walilijua.

Nikampigia Anderson, fundi aliyetutengenezea tovuti. Kijana wa Same mjini, shati limenyooka, maneno matamu. Aliwahi kuniambia baba yake ni Mpare lakini yeye kakulia Moshi, Chasu, lugha yetu, hakijui hata cha kuombea maji. Alisafisha ile kamari siku hiyo hiyo.

"Tatizo ni mfumo, mama Fadhila," akasema. "Umezeeka. Hamieni mfumo mkubwa zaidi, mimi nitawafungia na kuwalindia."

Nikamshukuru. Ee, nikamshukuru!

Jioni nikampigia wifi yangu Victoria, mke wa kaka yangu, anayetengeneza mifumo ya kompyuta pale Same. Alicheka mpaka nikataka kukata simu.

"Wifi, paswedi msaragambo? Si bora mngetandika mkeka mlangoni mkawapikia na chai?"

"Cheka tu, wewe. Niambie nifanye nini."

Akaniambia nibadilishe paswedi, niwafute watu wote, na fundi naye nimfute, maana kazi ya fundi ikiisha anarudisha ufunguo. Nikafanya vile. Neno jipya nikampa mtu mmoja tu, mama Raheli, kwa kuwa mali ya kikundi haikai mikononi mwa mtu mmoja. Nikifa leo, je?

Mwezi haukuisha, kamari ikarudi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Neno tulilijua wawili. Vunta wakasema Fadhila kauza tovuti kwa watu wa kamari, kwani nani asiyewajua wafanyabiashara wa barabarani? Hedaru wakasema ni yule bibi, mama Raheli. Rafiki zangu wa miaka walinipita sokoni bila salamu. Mwanaidi akaja dukani, safari hii akapiga hodi, na hodi yake ikaniumiza kuliko kelele.

"Ijumaa ikifika kamari bado ipo pale, sisi wa Hedaru tunatoka kwenye Umoja," akasema. "Siwezi kuswali halafu nikauze kwenye nyumba ya kamari. Nisamehe."

Umoja wenyewe ndio uliokuwa unakwenda kuvunjika. Nikampigia mama Raheli.

"Shikamoo mama. Lile neno la tovuti, kuna mtu umempa?"

"Marahaba mwanangu. Sijampa mtu baki yeyote. Mtu baki nimpe ya nini?"

Nikamwamini, maana mama Raheli hasemi uongo. Nikapanda basi kwenda Same nimevimba kwa hasira, nikamkuta Victoria ofisini kwake.

"Nitajie mfumo mmoja usioingilika, nikaununue leo leo."

"Haupo."

"Victoria, usinitanie."

"Sikutanii, wifi. Tovuti yenu ina nini? Picha, bei, na namba ya kuagizia. Huyo fundi wenu amewawekea mfumo wa kubeba dunia, na plagini chungu nzima, vile vidude vya kuongezea mapambo. Nimevitazama. Vingine vimevunjwa kufuli vikagawiwa bure, na hakuna aliyeviapdeti tangu viwekwe. Kila kimoja ni dirisha. Anderson anataka muhamie mfumo mkubwa zaidi ili iweje? Mtu hakodi lori kubeba fungu la nyanya."

"Sasa tuchague upi?"

"Mdogo. Unaojiapdeti wenyewe, maana nyinyi hamtakumbuka. Unaojiwekea bakapu, ukiharibika leo mnarudisha wa jana. Kila mtu aingie kwa jina lake, anayeweka picha aweke picha tu, asiguse mengine. Na hiyo paswedi tupa kabisa. Anayeingia aweke kidole kwenye simu yake. Paswedi unaweza kumsomea mtu kwenye simu, wifi. Kidole huwezi."

Hilo la mwisho sikulitilia maanani. Nilitoka pale nikijua tu kwamba lazima tukae kikao, pande zote mbili, tuchague mfumo mbele ya macho ya kila mtu. Nikamwita na Anderson, aje atetee ule wake. Nilitaka haki itendeke, mjinga mimi.

Tulikutana Vunta, kwenye ghala la tangawizi nyuma ya nyumba ya mama Raheli. Wa Vunta walikaa upande mmoja, wa Hedaru upande mwingine, njia katikati, kama wenye kesi. Victoria alieleza mfumo wake mdogo, watu wakapiga miayo. Kisha Anderson akafika kwa bodaboda, akasimama katikati akaanza kumwaga maneno. Mfumo wa kisasa! Unatumika duniani kote! Atawafungia mlango asiingie hata sisimizi! Akina mama wakaanza kutikisa vichwa kukubali, na nikaona wanakwenda kumchagua yeye.

Mama Raheli alikuwa amekaa kwenye gunia, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mara akamkatisha, akamsemesha kwa Chasu, maneno mawili matatu tu, ya mzee kumwuliza mtoto hali ya nyumbani.

Na Anderson akamjibu. Kwa Chasu, Chasu cha milimani, kimenyooka kuliko changu mimi. Mdomo ulimponyoka. Mzee akikusalimia kwa lugha yenu, ulimi unajibu kabla akili haijafika.

Uso wa mama Raheli ukachanua.

"Kumbe ni wewe mwanangu! Jamani, huyu ndiye mjukuu wa Gideoni, shemeji yangu marehemu. Mbona siku ile ulikata simu kabla sijakubariki?"

Vichwa vyote vikamgeukia Anderson.

"Mama," nikasema taratibu, "alikupigia simu ya nini?"

"Si alikuwa anasafisha ile tovuti? Akaniomba lile neno jipya, nikampa."

"Mama! Nilikuuliza kama umempa mtu, ukasema hapana!"

"Nilisema sijampa mtu baki, Fadhila," akajibu, akinishangaa. "Huyu si mtu baki. Huyu ni mtoto wetu."

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama, na namshukuru Mungu aliyeniwekea gunia la tangawizi kati yangu na yule kijana.

"Hukujua Chasu hata cha kuombea maji, siyo?"

"Mama Fadhila, tulia kwanza—"

"Situlii! Sema!"

Akasema. Watu wa kamari walikuwa wanampa chochote ili awatundike kwenye tovuti za watu, yetu ikiwa mojawapo. Nilipomfuta, wakambana. Akapiga simu kwa laini nyingine, akasalimia kwa Chasu, na alipoulizwa kama ni mjukuu wa Gideoni akaitikia tu, kwa sababu alijua mzee wa Vunta hamnyimi kitu mtoto anayemsalimia vizuri. Na leo, akiwa ameshawaingiza wezi wake nyumbani mwetu, alikuja kutuuzia kufuli.

"Nisameheni, mama zangu," akasema. "Maisha ni magumu."

"Magumu?" Sauti yangu nadhani waliisikia Makanya. "Huyu mama Raheli unayemwona amepandisha mbegu mlima huu kwa kichwa! Magumu anayajua yeye! Tumenuniana siku zote hizi, tumeitana wezi, Umoja unavunjika, kwa ajili ya tumbo lako! Mwizi wa kuku ana adabu kuliko wewe, maana yeye haingii bandani akimwita kuku bibi!"

Mtu akacheka, halafu wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja, Vunta na Hedaru. Victoria akampokonya laptopu yake mpaka atoe kila alichoficha kwenye tovuti yetu. Dereva wa bodaboda aliyemleta, kijana wa hapo hapo Vunta, alikataa kumpakia kurudi. Akashuka mlima kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa.

Kelele zilipopungua, mama Raheli akaniuliza:

"Kwa hiyo Gideoni hamjui?"

"Hamjui, mama."

"Lakini alinisimulia Gideoni alivyokuwa mcheshi."

"Ulimsimulia wewe, mama. Yeye alikuwa anaitikia tu."

Akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa Victoria alichoniambia kuhusu kidole, na nikawaambia wenzangu wazi: nataka ule mfumo ambao upole wa mama Raheli hauwezi kuufungua. Tukauchagua wote, Mwanaidi akiwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Victoria akaanza kuandikisha vidole pale pale. Tulikubaliana tuwe wachache, na wa kwanza awe mwenyekiti. Mama Raheli akaweka kidole gumba kwenye simu. Ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Victoria akamfuta vumbi kwa khanga, wakajaribu vyote, mkono wa kulia na wa kushoto. Simu haikuona kitu. Jembe na maganda ya tangawizi vimemla alama zote, vidole laini, havina mstari hata mmoja. Mwenye tangawizi hana kidole cha kufungulia tangawizi yake. Nilitamani Anderson arudi nimtukane upya.

"Tutatafuta njia nyingine, mama," Victoria akasema.

"Acha, mwanangu. Afadhali hivyo." Akarudisha mikono yake kwenye khanga. "Ufunguo msinipe. Mtu akinisalimia vizuri nitampa tena."

Ijumaa, kabla ya swala, Mwanaidi alifungua tovuti mbele ya mumewe na waumini wake barazani. Tangawizi ikatokea, na shamba la Vunta, na mama Raheli anacheka na kikapu mkononi. Mpaka leo hakuna kamari, na Umoja upo. Watu wananiambia, Fadhila, umeshinda, mbona bado una hasira? Nitawaambia.

Juzi simu yangu iliita. Ni Lukasi, kijana wa Vunta anayefundisha Dodoma, mtoto mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama Fadhila."

"Marahaba, Lukasi. Habari za huko?"

"Nzuri tu, ila nauliza, bibi Raheli mzima?"

"Mzima. Kwani vipi?"

"Nimempigia sasa hivi, kumsalimia tu, nimepata mtoto wa kiume. Nimebadilisha laini. Nikamsalimia kwa Chasu kama siku zote, nikamwambia ni mimi, mjukuu wa Gideoni. Akasema, sina. Akakata simu. Nimepiga tena hapokei. Mama Fadhila, hana nini? Mimi sikumwomba kitu."