Bibi wa Basi Jekundu

Basi letu lilichukuliwa tukiwa matangani. Jambo hilo lilinikera siku ile na bado linanikera. Tulikwenda Suphan kumzika mjomba wa mume wangu. Tuliporudi yadini Bang Khae, pale lilipokuwa likiegeshwa tulikuta doa la mafuta na paka amelala. Watu wa kampuni walikuwa wamelivuta pamoja na wenzake, yale mekundu yasiyo na kiyoyozi, wakayapeleka mnadani. Hakuna aliyetuuliza kama tumeacha kitu ndani.

Tulikuwa tumemwacha Mae Yanang. Kila chombo kina bibi yake, roho anayekilinda, kiwe mashua au lori, na bibi yetu alikaa mbele ya dereva, penye vitambaa vya rangi na koja la asumini. Koja nililibadilisha mimi. Soda yake nyekundu nilimwekea mimi, na mrija juu, maana hata bibi wa chombo ana adabu zake. Basi likistaafu, dereva huwasha udi akamwomba kwa maneno mazuri ahamie basi jipya. Usipomwomba anabaki alipo, na wewe unaendesha bati tupu.

Mume wangu Bunloet akapewa bati tupu. La umeme, la buluu, halina hata mngurumo wa kukuamsha. Mimi sikupewa hata hilo. Basi jipya lina mashine ya kugusia kadi na sauti ya msichana anayetaja vituo, kwa hiyo kondakta wa nini? Tangu niolewe nimesimama mlangoni mwa basi la mume wangu nikitikisa mkebe wa tiketi, nikiita vituo, nikimwambia nani anashuka, nani anakimbilia, pikipiki ipi inajipenyeza. Sasa wakanikalisha kwenye dirisha la vitu vilivyopotea. Miavuli, kiatu cha mguu mmoja, meno ya bandia. Mtu anashukaje basini bila meno yake asijue? Nilikaa pale miguu ikiniwasha kwa kutaka kusimama. Mkebe wangu niliuficha mkobani, na mara nyingine niliutikisa bila kujijua, na aliyekuja kuulizia mwavuli wake akaanza kutafuta nauli mfukoni.

Mikosi ikaanza mapema. Kwanza Bunloet alimpita mtawa. Mtawa mzee amesimama kituoni na mwavuli wake, amealikwa chakula, ameinua mkono, na basi la buluu likampita kana kwamba ni nguzo ya umeme. Lililofuata lilichelewa. Mtawa hali baada ya saa sita mchana, kila mtu anajua, na siku ile alishinda na njaa. Wenye shughuli walikuja yadini wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakasema maneno ambayo hayasemwi na watu waliovaa hivyo.

Halafu mlango ukafungia kikapu cha mama muuza vitumbua, yeye akiwa amebaki nje na vitumbua vikiwa ndani. Halafu kioo cha kushoto kikakumba mwavuli wa mkokoteni wa tambi, kioo kikaning'inia kwa waya wake mpaka yadini.

"Ulikuwa unatazama wapi usiuone mkokoteni mzima?" nilimuuliza nyumbani.

"Haukuwepo, Mama." Tangu tupate mtoto tunaitana Baba na Mama, na mtoto mwenyewe sasa ana watoto wake. "Nakuambia haukuwepo. Ulitokea tu."

"Mkokoteni una sufuria mbili za supu na mwanamke mnene nyuma yake. Hautokei tu."

"Ni Bibi," akasema. "Hayupo. Nikishika usukani nahisi hakuna mtu."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini hivyo.

Bwana Wichian, mkuu wa yadi, ni mtu mpole, na mpole akikukalisha kitako ujue mambo yameharibika. Alimmiminia Bunloet chai. "Kaka, nakuheshimu," akamwambia. "Zahanati imekupima, u mzima. Lakini kikitokea kingine kimoja tu, nakutoa kwenye usukani. Utahamia kuosha mabasi."

Ni kweli alipimwa. Ubao wa herufi wa zahanati ile haujabadilishwa tangu tukiwa vijana, na Bunloet huzisoma zile herufi akinyoa ndevu, mstari hadi mstari, kama watu wengine wanavyoimba bafuni.

Kuosha mabasi. Sisemi ni kazi mbaya, lakini nilimwona Bunloet akirudi nyumbani siku ile. Alikaa mezani akiushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, huku na huku, kama ameshika usukani. Alisema heri afe. Wali wake uliingia nzi hajaugusa. Nami nikashindwa kukaa. Nilifagia palipofagiwa, nikaenda dukani nikarudi bila nilichofuata, nikamfokea jirani kwa sababu ya jogoo ambaye hata si wake. Roho yangu haikutulia hata kidogo. Kumrudisha mume wangu kama alivyokuwa, hilo tu ndilo nililolitaka, na kama Bibi alikuwa na dawa, basi Bibi atafutwe.

Bahati ilikuja dirishani kwangu imevaa miwani. Alikuwa Daktari Pui, daktari wa meno. Alikuwa ameangusha kifuniko cha kamera kwenye basi la mtaa wa pili. Watu wa aina yake wapo, tena wengi: wanasimama juu ya daraja la waenda kwa miguu wakingoja basi fulani lipite, na likipita hawapandi. Wanalipiga picha, wanaambiana, wanafurahi. Zamani niliwadhani wapelelezi wa kampuni.

Alinitazama, akautazama na mkebe uliochungulia mkobani. "Shangazi, si wewe ulikuwa kwenye basi 447? Mlango una mkwaruzo, na dereva ana koja kubwa kuliko wote?"

"Ndiye mume wangu. Mkwaruzo ni wa lori la barafu, si wake."

"Najua. Nina picha ya kabla na ya baada." Akafungua simu yake. "Limeonekana Nakhon Chaisi. Mwenzetu mmoja alikwenda kununua mabalungi akalikuta limeegeshwa kando ya mfereji. Sasa ni duka la tambi."

Nilimshika mkono kupitia kidirisha. Kifuniko chake nikasahau kumpa.

Jumapili alitupeleka kwa kigari chake. Bunloet alikaa mbele, kushoto, koja jipya mapajani, soda nyekundu katikati ya magoti. Nyuma mimi nilihesabu malori, nikakohoa, nikamwuliza daktari kama hakuna njia fupi zaidi, nikaambiwa hiyo ndiyo fupi. Tuliposimama kuweka mafuta, Bunloet akafungua mlango wake na mimi nikapiga ukelele, "Kushoto pikipiki!" kabla sijajua nimefungua mdomo. Akauvuta mlango. Pikipiki ikapita ikitukana.

"Mazoea," nikamwambia daktari.

"Mnafaa kuwekwa makumbusho nyie," akasema, akacheka.

Na kweli lilikuwepo. Magurudumu yametolewa, limekaa juu ya matofali, jekundu lilelile, mkwaruzo uleule. Kibao cha njia bado kinasema tunakwenda Saphan Phut. Upande wenye milango walikuwa wametandaza turubai na viti vya plastiki, na watu wakila. Nilipoligusa bati lake machozi yakanitoka, nikasema ni pilipili.

Mwenye duka alikuwa Mama Thongbai, mwanamke wa makamo, mwenye ulimi kama shoka. Bunloet alimweleza shida yetu kwa heshima zote, mikono kifuani. Yeye akaendelea kukatakata majani ya vitunguu.

"Kwa hiyo umekuja kuniibia bibi yangu," akasema.

"Hapana, dada. Nimekuja kumwomba."

"Tangu nilinunue hili dude, sijawahi kulala na supu. Kila siku inaisha. Kabla yake nilikuwa na kibanda, mbwa tu ndio wateja." Akaliosha jisu lake. "Hata soda ninampa. Ya chungwa. Hajalalamika."

"Nyekundu ndiyo yake," nikasema.

"Mkeo huyu?"

"Ndiye."

"Pole." Kisha akatuelekeza kwa kidevu. "Ingia umwombe. Udi ukiteketea wote bila kuzimika, amekubali, mchukue. Ukizimika njiani, kuleni tambi mwende zenu. Lakini msimvute."

Bunloet akapanda peke yake, maana aombaye ni dereva. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akatundika koja, akawasha udi. Sisi tukangoja chini. Daktari alipiga picha mpaka za misumari. Mimi nilizunguka basi, nikazunguka tena, na Mama Thongbai akaniambia nikae kabla sijamchosha mbwa wake aliyekuwa akinifuata. Upepo ulikuwa unatoka mferejini, na kila ulipovuma moyo wangu ulizimika kwa kuuhofia udi ule.

Sikuweza kungoja. Nilipanda kwa mlango wa mbele polepole, nikasimama penye boneti ya injini, kushoto kwake, karibu kiasi cha kumfuta jasho. Udi ulikuwa umeteketea hadi kwenye kijiti, na jivu lake limesimama bado. Alikuwa amekwisha kufungua kitambaa kimoja cha Bibi, cha kwenda nacho, amekizungusha mkononi. Uso wake ulikuwa umerudi ujana.

"Mama!" akaita dirishani, upande wa kulia, kuelekea nje. "Mama, njoo uone! Amekubali!"

Nilidhani ananitania. Nikainua mkono.

"Mama? Uko wapi wewe?"

Nikaupunga mkono. Alikuwa ametazama mbele sasa, anatabasamu, anangoja hatua zangu. Nikaupunga karibu na shavu lake hadi upepo wake ukatikisa jivu likaanguka. Hakugeuka.

Mtawa alisimama kushoto. Kikapu kilikuwa kushoto. Mkokoteni na sufuria zake mbili na mwanamke wake mnene, kushoto. Na mimi miaka yote nimesimama mlangoni, kushoto, nikipiga kelele.

Niliingiza mkono mkobani nikautikisa mkebe.

Akageuza kichwa chote, kama mtu aliyeitwa barabarani. "Kumbe uko hapo! Umeingia saa ngapi? Tazama, hadi kijitini. Kesho naendesha, na Wichian anywe chai yake mwenyewe."

Nilitaka kunyamaza, na sitajisingizia wema. Nilitaka aende na kitambaa chake, aingie kwenye la buluu na uso ule ule, nami nibebe siri na nimwombe Bibi usiku na mchana. Nilihesabu hata njia za kutoroka dirishani kwangu kazini nipande naye kama abiria. Kisha nikawaza mtoto wa mtu kituoni, ameinua mkono, mdogo kuliko mtawa. Nikashuka nikamngoja kwenye viti vya plastiki.

Alikuja akakaa. Daktari alikuwa amepewa bakuli lake, anavuta tambi zake taratibu.

"Baba, ziba jicho la kulia."

"La nini?"

"Ziba tu."

Akaliziba kwa kiganja, akicheka, akaanza kusema herufi za zahanati, mstari wa kwanza, wa pili.

"Sikukuuliza herufi. Nimeshika nini?"

Nilikuwa nimeinua mkebe mbele yake, kwenye jua, uking'aa. Kicheko kikamwisha taratibu. Alinyoosha mkono kuutafuta, akanigusa bega.

"Kuna ukungu," akasema.

"Tangu lini?"

Alikunja uso akiwaza, na hapo nikajua hafichi, anatafuta kweli. "Sijui, Mama. Wewe ulikuwa unaniambia kila kitu."

Daktari aliweka kijiko chini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ana mwenzake wa macho, kwamba kesho asubuhi atampigia, kwamba pengine jicho linasafishika na pengine haliponi, hawezi kusema, yeye ni wa meno. Bunloet akamshukuru. Kisha akainuka, akapanda basi, akipapasa nguzo aliyokuwa akiijua kwa giza na kwa mwanga. Kupitia kioo nilimwona akikirudisha kitambaa cha Bibi mahali pake, akakifunga mafundo mawili, akakivuta kuona kama kimeshika. Soda nyekundu aliiacha pale juu, na mrija wake.

Mama Thongbai aliona yote hayo. Alileta bakuli mbili, akakataa hela.

Bunloet akarudi akakaa kulia kwangu, nami nikiwa kushoto kwake, kama kawaida yetu. Hakula. Mikono yake ilikuwa juu ya ukingo wa meza, huku na huku.

"Haya, sema," akaniambia. "Kushoto kuna nini?"

Nikamwambia. Kuna mfereji, maji yamejaa. Kuna mwanamke kwenye mtumbwi amepakia mabalungi. Kuna mbwa wa hapa, amelala. Pikipiki hakuna. Njia ni nyeupe.