Sumaku Iliyopita Motoni

Majimoto nzima ilimwita Romana "Bwana Mifugo", naye alikwisha kuchoka kuwakumbusha kwamba ni mwanamke na mama wa watoto wanne. Alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo, pikipiki ya ofisi isiyopenda kuwaka, na amri moja aliyoirudia kila mkutano: "Chuma chochote kinachoingia mwilini mwa ng'ombe, kipite motoni kwanza!" Miaka kumi na miwili aliisema. Kwa hesabu yake, hakuna aliyewahi kuisikia.

Kumbe Masele alisikia.

Asubuhi hiyo Romana alifika zizini kwa Masele pamoja na bintiye Aneth, aliyekuja likizo kutoka Ujerumani anakosomea fizikia. Ng'ombe bora wa Masele, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amemeza kipande cha waya. Majani hali, mgongo kaupinda, kila hatua anaguna. Na kwa ng'ombe, tumbo na moyo vimeachana kiganja kimoja tu; waya ukisogea mbele, mwenye ng'ombe anoe kisu. Tiba ni sumaku ndogo, unene wa kidole gumba. Ng'ombe anaimeza, inatulia tumboni, inaudaka waya. Romana alikuwa na moja tu, na jana yake alimwachia Masele aitunze wakati ng'ombe akifungishwa asile chochote kabla ya kuimeza.

Sasa aliichukua, akaigusisha kwenye msumari. Msumari ukabaki chini, hauna habari.

"Masele, umeifanya nini sumaku yangu?"

Masele alitabasamu kama mtu anayesubiri cheti. "Nimeipitisha motoni, Bwana Mifugo. Nimeichanganya na vyuma vya chapa, nikavukuta mkaa mpaka ikawa rangi ya embe lililoiva. Hakuna kijidudu kilichobaki."

"Na sumaku pia haikubaki."

Aneth alikuwa amejishika mdomo asicheke. "Mama, ameipasha kupita kiasi. Ndani ya chuma kile kuna visumaku vidogo mno, vyote vimetazama upande mmoja, kama ng'ombe wanaoshuka mtoni. Joto likipita kiwango fulani, kila kimoja kinatazama kwake. Chuma ni kilekile, usumaku haupo. Ndicho ninachosomea. Sisi tunaipiga aloi, yaani mchanganyiko wa metali, kwa mwanga wa leza, na usumaku unapotea ndani ya muda mdogo kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde."

Romana alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko huo.

"Kwa hiyo miaka sita Ujerumani unajifunza kuua sumaku."

"Kuiua, na kuangalia inavyokufa."

"Masele kaiua kwa mkaa wa debe moja, tena hakuomba viza."

"Asante, Bwana Mifugo," alisema Masele, aliyedhani anasifiwa.

"Ila ipo aloi yetu ya chuma na metali adimu iitwayo rodi," Aneth aliendelea, "hiyo ukiipasha kidogo ndiyo kwanza inageuka sumaku."

"Na hukubeba hata kipande. Umeniletea chokoleti."

Ng'ombe akaguna, guno refu la kutoka chini, akanyoosha shingo. Utani ukaisha. Sumaku nyingine ingetoka Mwanza, siku tatu kwa basi kama mvua haikukata barabara. Yule ng'ombe hakuwa na siku tatu.

"Haya, mtaalamu wa vifo," alisema Romana. "Kufufua je, mlifundishwa?"

Aneth aliigeuzageuza sumaku, ambayo ilikwisha kupoa zamani. "Hii ni aloi ya zamani, ya alumini, nikeli na kobalti. Inafufuka. Haitarudi kama mwanzo, lakini itaushika waya. Nataka waya wa shaba mwingi na betri kubwa."

Masele alikuwa amenunua rola la waya ili avute umeme kwenye nyumba yake mpya. Aliutoa, ingawa uso wake ulisema mengi. Aneth akaukata, akauzungusha zaidi ya mara mia kwenye kipande cha bomba, akatia sumaku ndani. Ncha moja ya waya aliifunga kwenye betri ya trekta lililoegeshwa kando ya zizi. Ncha ya pili aliigusisha kwa koleo, akaiondoa hapohapo. Tap! Cheche zikaruka, Masele naye akaruka.

"Tayari," alisema Aneth.

"Tayari nini? Hata hujaanza."

"Mama, vile visumaku havihitaji kubembelezwa."

Romana aliigusisha sumaku kwenye msumari. Msumari ukanasa. Akautikisa, haukuanguka. Aliiosha sumaku kwa maji na sabuni, huku akimkodolea macho Masele, akamfungua ng'ombe kinywa na kuisukuma hadi nyuma ya ulimi. Baadaye aliweka dira ya simu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Mshale ukageuka kuelekea tumboni kama mtu aliyeitwa.

Siku ya nne ng'ombe alikula majani, kisha akala shati la Masele lililoanikwa.

Katika mkutano uliofuata Romana alisimama, akakohoa. "Ile amri yangu ilikuwa na kasoro. Chuma kipite motoni, isipokuwa sumaku. Sumaku inaoshwa kwa sabuni. Kosa lilikuwa langu, si la Masele."

Watu walitazamana; hawakuwahi kusikia sentensi ya namna hiyo kutoka kwake. Masele akanyoosha mkono.

"Bwana Mifugo, na ile simu yenye dira, nayo tunaipitisha motoni?"